Siku Zozo Aliponyamaza

Ti-tooo. Ule mlio unaotangulia tangazo la kipaza sauti, uwe wa dukani au wa stesheni, mpaka leo hunisimamisha nilipo. Wenzangu husikiliza kama kuna bei imeshuka. Mimi huangalia kwanza nilioongozana nao, kama wametimia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulipanga chumba kimoja Umbilo, mtaa wa Durban, Afrika Kusini: Mama, mimi, na mdogo wangu Zozo wa miaka minne. Baba alikuwa Cape Town akitafuta kazi. Mama alitoka Uvira, Kongo, nikiwa mgongoni mwake, na Durban alisuka nywele za watu mpaka vidole vikaanza kupinda. Desemba hiyo mteja wake mmoja alimpa tiketi tatu za bustani ya michezo ya maji kule ufukweni. Wiki nzima Zozo alilala na kaptula yake ya kuogelea, ya manjano, na hakuna aliyethubutu kumvua.

Sasa nikuelezeni kidogo kuhusu Mama. Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa zimepitwa na tarehe, na kila alipokwenda kuziongezea muda alirudi jioni foleni haijamfikisha dirishani. Kwa hiyo alimwogopa yeyote mwenye sare, hata mlinzi wa supamaketi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alitupa somo.

"Mtu mwenye anavaa uniform akikuuliza jina, unanyamaza. Jina ya mama, unanyamaza. Fasi tunakaa, unanyamaza. Hata akupatie bonbon ya kulamba."

Zozo aliitikia "Ndiyo, mama" huku akihangaika na viatu. Sikudhani kuna lililokuwa likimwingia. Mtoto yule alikuwa akiongea hadi usingizini.

Getini walikataa chakula cha kutoka nje. Mama alikuwa amebeba sufuria ya wali na sombe, yaani kisamvu, imefungwa vizuri kwa kitenge. Hakubishana, maana aliyekataa alikuwa na sare. Tulikula yote palepale, tumesimama, saa tatu asubuhi, watu wakitupita na maboya yao. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ndani, Mama alikaa kivulini na gauni lake la kanisani na viatu vya kisigino, akaniambia, "Mkono ya Zozo usiiachilie."

Niliuachilia. Kulikuwa na slaidi ya bluu ya watoto wakubwa, na mimi nilijihesabu mkubwa. Nilimkalisha Zozo ukingoni, nikamwambia asisogee, nikapanda. Nilipoibuka, maji yakinitoka puani, ukingoni hapakuwa na mtu.

Nilizunguka bwawa lile mara mbili kabla ya kupata ujasiri wa kumwambia Mama. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alivua viatu, akaingia majini na gauni lake, akawa anapapasa chini kwa miguu kama anayetafuta pete. Hapo ndipo nilipoelewa anatafuta nini.

Ti-tooo. Kipaza sauti kikasema Kiingereza, kisha Kizulu. Nilimtafsiria Mama: kuna mtoto wa kiume ofisini, wa miaka kama mitatu, anaonekana hawezi kusema.

"Si wetu," alisema bila kuinua kichwa. "Wetu anasema kama radio."

Tukahamia bwawa la pili. Gauni lilikuwa limemganda mwilini. Ti-tooo, tangazo lilelile, ila safari hii waliongeza: kaptula ya manjano. Nilipotafsiri, Mama alisimama tuli, maji kiunoni.

"Ni yeye," alisema. "Ananyamaza vile nilimwambia."

Mlangoni mwa ofisi alisimama polisi, mwanamke mnene mwenye kofia. Mama alipomwona alinivuta nyuma ya kibanda cha chipsi, akaniwekea ufunguo wa chumba mkononi.

"Kama sitoki, shika taxi. Enda kwa jirani Mama Furaha, ukae mpaka baba yenu akuje."

"Niingie mimi, mama."

"Hawapatiake mtoto mtoto." Alijikamua gauni, akaenda. Nilimfuata. Ningebaki vipi?

Zozo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, barafu ya rangi ikimyeyukia mkononi, hajailamba. Alimwona Mama. Naapa alimwona. Kisha akageuza uso ukutani.

Polisi alimuuliza kwa Kizulu, halafu kwa Kiingereza, kama huyu ni mama yake. Kimya. Mama alinyoosha mikono kumchukua, na yule polisi akaweka mkono wake katikati. "Eish, mama. Ngoja. Mtoto hakujui." Nilisema anamjua, ni mdogo wangu, lakini hakuna aliyeniangalia.

Mama alipiga magoti, akamwita kwa jina la kumbembeleza. "Zozo, papa. Sema. Leo ninakubalia."

Zozo aliitazama kofia ya polisi, akatikisa kichwa.

Ndipo Mama alipofungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko zile karatasi alizozificha mwaka mzima, ya Zozo ikiwa na picha yake. Akaziweka mezani yeye mwenyewe. "Unaona?" alimwambia Zozo. "Mama mwenyewe anamuonyesha."

Yote yakamwagika. Jina lake, jina la Mama, barabara, namba ya mlango, jina langu, kama anayekariri mbele ya kanisa. Kisha akamalizia: "Na karatasi ya mama iliisha."

"Anasema nini?" polisi aliniuliza. Nilitafsiri kila kitu, isipokuwa hilo la mwisho.

Alizisoma karatasi taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Akazikunja, akamrudishia Mama, akamfuta Zozo mkono kwa leso yake. "Sharp, mama. Sawa. Nendeni nyumbani."

Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba niliokoa familia. Nilikuwa mkubwa nilipoishika moja ya karatasi zile na kuona kwamba tarehe ya mwisho ilichapwa juu kabisa, kwa Kiingereza, kwa herufi nene. Yule polisi aliisoma, akatuachia. Nami sijui hata jina lake.

Kwenye taxi Zozo alikaa mapajani kwa Mama, akamuuliza, "Mama, nilifanya muzuri?"

"Ulifanya muzuri sana, papa."

Mama akalia mpaka Umbilo, mdomo ameufunga kwa kitenge. Nilidhani analia kwa sababu yangu, niliyeuachilia mkono. Sasa nina binti wa miaka minne, anaropoka majina yetu yote kwa kila mtu, na namwacha aropoke. Mama alilia kwa sababu jibu lake kwa Zozo lilikuwa kweli: mtoto wake alikuwa amefanya vizuri kumkana.