Bahasha ya Chumba Namba Kumi na Nne

Hoteli ilipofungwa, sisi wahudumu wa vyumba tulijua hatuna chetu. Ilikuwa hoteli ya ukingoni mwa mto, yenye mchanga wake chini ya ngazi, ambako wageni walikaa na chupa zao kutazama mitumbwi. Chuo kikuu kilipoinunua, bwawa la kuogelea lilifukiwa, mabafu yakang'olewa, baa ikawa maktaba. Kati yetu sote nilibakizwa mimi tu, kwa majaribio ya miezi mitatu, nifagie vyumba vya masomo na kutunza funguo.

Sikubadilika, wala sikuona sababu ya kubadilika. Niligonga mlango mara tatu kabla ya kuingia darasani, hata kama ndani hamna mtu. Wanafunzi walinicheka mpaka wakachoka. Kalamu, mwavuli, chochote kilichosahauliwa nilikifunga kwa gazeti, nikaandika namba ya chumba na siku, nikakiweka kabatini. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa hotelini: kitu cha mgeni hakichunguliwi, kinamngoja mwenyewe.

Binti yangu alikuwa anasoma hapohapo, mwaka wa pili wa sheria. Alikuwa ameshindwa somo moja, na alibakiwa na nafasi moja tu ya kulirudia. Akishindwa tena, mwaka mzima anauanza upya. Nyumbani tulikula pondu yetu, majani ya muhogo, madaftari yake yamejaa mezani.

Jumatatu moja, mwalimu wa somo hilo alisahau bahasha ya kaki katika chumba namba kumi na nne. Ilikuwa imebandikwa gundi, haina maandishi. Niliifunga kwa gazeti kama kawaida, nikaiweka kabatini pamoja na miavuli.

Jumatano asubuhi, nikiwa nafagia, katibu wa kitivo alinijia mbio.

"Papa, bahasha ya prof iko wapi? Njo maswali ya examen iko ndani! Batu banasema imeshauzwa."

Kumbe ndani mlikuwa na maswali ya mtihani, na watu walikuwa wakisema yameshauzwa. Nilifungua kabati. Gazeti lilikuwa vilevile, gundi haijaguswa. Mwalimu, aliyefika nyuma ya katibu, aliigeuza geuza bahasha, akashusha pumzi, akanishika mkono. Mchana huohuo mtihani ulifanyika, binti yangu naye akiufanya, na kabla ya juma kuisha nikapewa kazi ya kudumu. Nilifurahi, sikatai. Nilijiona mtu.

Habari kama hiyo haifichiki. Binti yangu alirudi nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Papa, ilikuwa kwako siku mbili?"

"Ndiyo."

"Na haukujua ndani iko nini?"

"Sikuangalia. Haikuwa ya yangu."

"Na kama ungejua?"

Nilimwambia ningeifunga vilevile. Ningeweza kusema sijui, ningemwachia angalau hilo. Nilijibu kama mhudumu wa hoteli, na tena kwa majivuno.

Majibu yalipotoka, alikuwa ameshindwa kwa pointi chache. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko matusi. Sasa anarudia mwaka. Kila asubuhi nagonga mlango wa namba kumi na nne mara tatu, naufungua, nasimama pembeni ili yeye na wenzake wapite. Haniangalii usoni.

"Merci, papa," ananishukuru, kwa sauti ileile ya wageni nilipokuwa nikiwaletea taulo.