Blauzi ya Rael

Nakumbuka Januari moja, mwanangu, jua kali hadi lami ya Waiyaki Way inanata kwenye soli za viatu, dada yangu Rael aliporudi nyumbani Uthiru akiwa mgonjwa. Alikuwa amepanga chumba karibu na kazini, kwani alikaa mapokezi katika ofisi moja ya Westlands. Mimi nilikuwa nimemaliza shule tu, sina kazi, niko niko nyumbani na Mama. Ugonjwa wenyewe ulikuwa saratani ya titi. Kwetu neno hilo halikutajwa. Tulisema "kifua kinamsumbua," na wageni wa kuelewa wakaelewa.

Mionzi ya hospitali ilikuwa imemchoma ngozi kuanzia kwapani hadi ubavuni. Nguo ya dukani ikimgusa, machozi yanamtoka. Daktari alimshauri avae pamba nyepesi, isiyombana wala kumkwaruza, na Mama akasema hiyo ataifuma mwenyewe kwa kroshia.

Hapa ni lazima nikueleze habari za Mama. Siku hizo ukiingia sebule yoyote ya kina mama wa kanisa letu, vitambaa vya kochi, vya meza, hata cha kufunika redio, vyote ni kazi ya mkono wake. Alifuma akichunga sufuria, akifuatilia mahubiri, hata akigombana na jirani. Basi akaenda Ngara, akarudi na uzi mweupe wa pamba, mwembamba, akaanza siku hiyohiyo.

"Mama, si unipime kwanza?" Rael akamwambia.

"Nikupime ya nini? Mwili huo niliuzaa mimi."

Usidhani ilikuwa ni kiburi. Tepu ya kupimia alikuwa nayo, kwenye droo ya cherehani. Lakini Baba alipofariki, fundi wa majeneza alimpima mbele ya macho ya Mama, na tangu hapo Mama hakuweza kumzungushia tepu mtu aliyelala kitandani. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule niliona tu anafuma mbiombio, kwa kumbukumbu, akimfumia Rael wa zamani, yule mnene wa mashavu aliyekuwa akiingia harusini, vumbi linatimka.

Blauzi ikaisha. Sijui kama nimewahi kuona kroshia safi vile. Rael akaivaa, ikamteleza begani ikashuka hadi kwenye kiwiko, na kitambaa kilichozidi kikajikunja chini ya kwapa, palepale penye kidonda.

"Imenimeza, Mama."

"Utajaza tu. Wewe kula ugali."

Mama akaikunja vizuri, akaiweka kabatini isubiri mwili urudi. Kila asubuhi alimwuliza, "Umeongezeka kidogo, eh?" Naye Rael akajibu, "Kidogo, Mama." Joto lote la Februari alikaa ndani, mapazia yamefungwa, leso kifuani, kwa kuwa hakuwa na nguo ya kumkalisha mbele ya watu. Wenzake wa ofisini walipokuja kumwona, aliniagiza niwaambie amelala. Niliwaambia. Alikuwa macho nyuma ya mlango, ananisikiliza.

Mwezi wa Machi akaja Senge kutoka Bungoma. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu wetu hakujua kunong'ona. Alifungua mapazia, akamwuliza Rael mbona haketi nje apate hewa. Rael alifungua kabati, akamwonyesha blauzi. Senge akaichukua hadi jikoni, ambako mimi na Mama tulikuwa tunachambua sukuma.

"Mama Rael, hii unamshonea nani?"

"Si msichana wangu?"

"Yule nimemwona huko ndani haimtoshi. Kuna mwingine?"

Mama akasema Rael atapona, akasema hawezi kumpima mtoto wake kama maiti.

"Maiti haiombi kupimwa," Senge akasema. "Huyu ako hai. Na anakuonea haya wewe mama yake juu amekonda. Enda umshike."

Mama alilia palepale, mboga zikiwa mapajani. Kisha akanawa mikono, akatoa tepu kwenye droo. Nilisimama mlangoni. Alimzungushia Rael kifuani polepole, na mikono yake ilipofika mgongoni haikurudi tena. Ikabaki huko. Rael akaegemeza kichwa begani kwake.

"Nimekonda sana, ama?"

"Umekonda, mama. Umekonda sana."

Nilidhani neno hilo litammaliza. Kumbe alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alitaja jina la ugonjwa wake tukiwa mezani, na hakuna aliyemkatiza.

Mama akaifumua blauzi yote, mimi nikikunja uzi. Akachukua sindano nene zaidi, akaulegeza mkono wake uliozoea kukaza vitambaa, akaacha matundu makubwa ya kupitisha upepo. Lakini alipomaliza, mvua ilikuwa imeshaanza, na Uthiru ikinyesha unajua baridi yake. Rael aliivaa sebuleni, juu yake sweta, vifungo wazi ili blauzi ionekane. Akajigeuza mbele yetu huku na huku.

"Imenitosha, Mama," akasema. "Imechelewa tu."

Hakusema kwa uchungu. Ndiyo maana iliuma. Januari iliyofuata haikumkuta, na mpaka leo jua likiwaka hivi mimi hukosa raha ndani ya nyumba yangu.

Mwanangu, naona nyinyi mnafuma hivi vitopu vya msimu wa joto mkitazama simu, na vinapendeza, siwaonei wivu ila kidogo. Nisikilize kwa hili moja. Mtu wako akibadilika, mtazame alivyo leo. Akiwa amekonda, amefutwa kazi, ameachwa na mume, usimshikilie yule wa mwaka juzi halafu ukaita hiyo imani. Mwulize. Mguse. Sema unachokiona, kwa upole, lakini kiseme. Mama alimpenda Rael kuliko pumzi yake mwenyewe, na bado Rael alikaa gizani peke yake joto lile lote, akitunza siri ambayo sote tuliijua.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu wako wangali mbele yako. Akulainishie ulimi, asikuondolee ukweli. Na siku yako ya kudhoofika ikifika, maana itafika, akupe mtu atakayekuambia ulivyo huku amekushika.