Kiwanja cha Baba Kilivyohukumiwa Mara Mbili

Mdogo wangu wa kiume alirudi mjini kwetu Baraka, Kongo, kutoka Norwe, alikokaa miaka mingi, akiwa na ugonjwa mmoja tu: sheria. Kule, alitusimulia, gari husimama hata bata avuke. Sisi ambao pikipiki za hapa hazimsimamii hata mama mwenye mimba, tulimsikiliza kwa heshima zote.

Siku hizo jirani alikuwa amesogeza ua wake wa mianzi hadi katikati ya kiwanja cha marehemu baba, ninapoishi na wanangu. Nilitaka kuwaona wazee. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akaruka.

"Yaya, bazee ba nini? Tribinali iko!"

Tukaenda mahakamani. Na ajabu ya Mungu, tukashinda. Jaji alisoma hukumu kwa Kifaransa kitamu: kiwanja ni changu, ua uondolewe. Jirani, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjuu, alisikiliza kwa makini, kisha akatupa mkono wa pongezi. Kesho yake ua ulikuwa palepale, umeongezewa mianzi mipya.

"Mi sikatale sheria," alimwambia mdogo wangu. "Lakini ile sheria haikusema na mi. Bazee bakinisemesha, nitatoka."

Basi wazee wakakaa lubunga, baraza letu la wanaume wa Kibembe. Mwanamke haketi pale, hata kama kesi ni yake. Ila sikunyimwa nafasi katika haki: nilipewa kupika. Nikasonga bugali nyuma ya ukuta pamoja na mke wa jirani, tumetega masikio.

"Mi nilimuambia asisogeze," alininong'oneza.

"Ingia basi, ubaambie."

"Mi? Mwanamuke?"

Tukacheka mpaka moshi ukatupalia.

Jioni jirani aling'oa mianzi yake kwa mikono yake mwenyewe, huku akipiga mluzi. Mdogo wangu hakuamini macho yake. Halafu mzee aliyeongoza baraza akatutangazia uamuzi: kiwanja kimerudi kwa mwenyewe, yaani mtoto mwanaume wa marehemu.

Nikamgeukia mtu wa sheria. Nilingoja atamke neno tribinali, hata kwa sauti ndogo. Akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Yaya," akasema taratibu, "unajua, mila nayo iko na maana yake."

Kumbe ule ugonjwa unapona haraka hivyo. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ule ua, maana jirani alinichukulia ardhi bila kuniita yaya.

Amekwisha kurudi Norwe. Hupiga simu kuuliza kiwanja chake kinaendeleaje, nami namjibu kiko salama. Sijamwambia kwamba nimeita fundi, na pale ulipokuwa ule ua sasa nina jiko la matofali, mlango wake ukielekea barabarani. Maji ya kukandia udongo nilisomba na mke wa jirani.