Picha Isiyo na Miguu

Enzi zetu, jamani, picha haikupigwa ovyo. Ilipigwa mara moja kwa mwaka, Krismasi, mpiga picha alipofika kwa baiskeli kijijini kwetu karibu na Ol Kalou. Tulisuguliwa magoti kwa jiwe, tukapakwa mafuta ya kupikia hadi tukang'aa. Viatu vilikuwa jozi moja tu, vya kaka yangu Kamau, kwa hiyo tulipigwa kwa zamu, anayengoja akisimama pembeni peku. Kucheka hapana.

Mama alikuwa na sheria moja: miguu ionekane. Alimsimamia mpiga picha begani akimwambia, "Usimkate miguu mtoto wangu. Mtu asiye na miguu atarudije nyumbani?" Masikini yule bwana akarudi nyuma, akarudi nyuma, mwaka mmoja akatumbukia kwenye mtaro na kamera yake. Tulicheka, picha ikaharibika, na mama akatununia hadi mwaka mpya.

Julai ilikuja na sakitu. Ungeamka ukute majani yote meupe, na shule iko mbali. Tulikwenda mbio, vidole vikiuma, tukitafuta mahali ng'ombe alipolala, maana hapo ardhi ilikuwa bado na joto. Tulisimama pale kidogo, mvuke ukitoka midomoni, kisha mbio tena. Sijui kama nimewahi kusikia joto tamu kuliko lile.

Hayo yote yalinirudia wiki jana hapa Fort Worth, theluji ilipoanguka. Texas ikiona theluji inajifungia ndani, kwa hiyo mimi na binti yangu Wairimu, miaka kumi na minne, tulikuwa na bustani ya jiji peke yetu. Bembea zilikuwa zimevaa nyeupe. Hakuna gari, hakuna sauti, ni miti tu na sisi, na nilitembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Wairimu alikuwa ameshapiga picha arobaini kabla hatujafika bwawani: tawi, bata, uso wake akibinua midomo. Watoto wa siku hizi hata chai huipiga picha kwanza, wakaja kuinywa imepoa.

Mimi nilitaka moja tu. Mama ana mtoto wa jicho; jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linafifia. Jumapili aliniambia kwenye simu, "Nitumie picha umesimama, nikuone wakati bado naona." Sijakanyaga kwetu miaka tisa. Ni mambo ya makaratasi ya uhamiaji, wenzangu mnayajua.

Basi nikasimama chini ya mti, mikono mbavuni, uso mkavu.

"Mum, relax! Kwani ni ya passport?"

"Piga, wewe."

Tukaituma kwa simu ya Kamau, ambaye anakaa na mama. Haukupita muda, sauti ya mama ikaja: "Nimekuona, mwanangu. Umenenepa, Mungu asifiwe. Lakini miguu yako iko wapi?"

Nikatazama chini. Theluji ilikuwa imenimeza hadi juu ya vifundo. Nilicheka, halafu machozi yakanitoka nisiweze kuyazuia. Wairimu akashtuka, nikamweleza ile sheria ya nyanya yake. Simu ikaingia mfukoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapiga magoti, akaanza kufukua theluji kwa mikono mpaka nyasi za manjano zikatokea, na viatu vyangu vyeusi vya kazini. Kisha akarudi nyuma, akarudi nyuma, kama yule bwana wa baiskeli, akapiga nyingine, tukaituma.

Zamani tulikuwa na picha moja kwa mwaka, na jua likizama kila mtu yuko nyumbani. Leo simu yangu imejaa picha hadi inakataa nyingine, na watu waliomo wametawanyika dunia nzima.

Jibu la mama lilitukuta getini. Wairimu aliinua simu ili tusikie wote wawili.

"Sasa nimeviona viatu. Ni vizima. Vitafika."