Nguo Nyeupe za Prosesio

Enzi zetu, wenzangu mutakumbuka, nguo haikutoka ndani ya balo ya tombola, ile mitumba ya Ulaya, ikinuka dawa. Ilitoka kwa avenue yetu ya mafundi wa kushona, hapa Kisangani, wakati wazungu wangali wakiita Stanleyville. Mashini zililia kwa barza tangu asubuhi, pasi za makaa zikifuka moshi, na sisi watoto tukigombania vipande vya liputa, vitenge vya wamama, kutengeneza mipira. Pale ndipo nilipojifunza kazi. Masomo niliachia mwaka wa tatu, na leo wenye diplome wanasimama mbele yangu mikono juu, nikiwapima kiuno. Bon.

Avenue ile ilisimama kwa nguvu ya watu wa musikiti na wa misheni pamoja. Mafundi wengi walikuwa Waislamu wa Maniema. Sisi wa misheni tulikuwa wachache. Ijumaa wao wakienda kusali, Papa yangu, fundi Albert, alipokea wateja wao, akawapima, akawawekea kitambaa, lakini makasi hagusi: kukata kulingoja mwenyewe. Dimanche, siku yetu ya misa, nao walitufanyia vile vile. Kwa hiyo mutu wa Yanonge akifika kwa muto na pirogi yake, siku yoyote, hakukuta mulango umefungwa akakimbilia duka la Mugriki.

Mwaka mumoja masera, mutawa wa misheni, akamuletea Papa kitambaa cheupe ashone robo, magauni ya mabinti wote wa prosesio, yale maandamano ya kanisa. Akatoa amri mbili: asiyebatizwa asishike sindano, na dimanche mutu asifanye kazi. "Mukishindwa, kazi yote ya misheni tutashona sisi wenyewe." Ikiondoka kazi ile, avenue nzima ingekula majani ya pondu bila mafuta.

Samedi jioni, prosesio ikiwa kesho yake dimanche mchana, nusu ya zile robo hazikuwa na mikono. Papa Sefu, jirani yetu, fundi Muislamu wa Kasongo kule Maniema, akasogeza kiti.

"Albert, kesho nani iko nachunga mashini yako?"

"Si wewe, kama siku zote?"

"Basi usifiche makasi."

"Na amri za masera? Iko mbili, Papa Sefu."

"Tugawane. Wewe chunga ile ya dimanche. Ile ingine alisema na Kifaransa, na mimi Kifaransa sisikii."

Papa alicheka mpaka akashika ukuta.

Asubuhi sisi tuliimba misa. Kwa avenue, Maniema yote ilishona mikono. Mchana mabinti walipita weupe kama nyange. Masera akashika mushono mumoja, akasema mbele ya watu: "Munaona? Mukono uliobatizwa unajulikana."

"Ndiyo, masera," Papa akainamisha kichwa. Papa Sefu, kofia yake kichwani, alipiga makofi kupita wakristu wote.

Kazi ya misheni ikabaki kwetu.

Siku hizi vijana wa couture, mafundi wa leo, jirani akienda kusali, wanamunyang'anya muteja na kusema ni "concurrence", mashindano ya biashara. Ijumaa nusu ya avenue imefungwa, dimanche nusu ingine. Mimi, asante Mungu, niko na mashini kupita avenue ile yote, na mulango wa chuma. Lakini nikipiga magoti kwa misa, ufunguo iko mufukoni mwangu. Sina mutu wa kumuachia.