Jina la Babu

Letisia wa kijiji cha Nambis alizaliwa mdadisi, na udadisi ulimponza tangu utotoni. Aliwahi kufungua redio ya baba yake ili amwone anayesoma taarifa ya habari, akachapwa, na kesho yake akaenda kumuuliza fundi kama mtangazaji amehama. Alipoolewa na Emanuel, mama mkwe alimwambia kwamba mwanamke aulize chumvi iko wapi, mengine ayaache. Hakuyaacha.

Swali lililomshinda ni binti yake. Justina alifikia umri wa kwenda shule akiwa hazungumzi kama wenzake. Alipanga punje za mahindi mstari mrefu toka mlangoni hadi zizini, na mtu akiukanyaga, mayowe yake yaliwatoa majirani mashambani. Hayo familia iliyavumilia. Kilichomchosha babu yake, Mzee Tluway, ni neno moja. Wajukuu wengine wote walimwinamia wakasema shikamoo. Justina alimkazia macho, akatamka kwa sauti nene: "Marahaba!"

Hebu fikiria. Mtoto wa juzi anamwitikia mzee kabla hata hajasalimiwa, utadhani yeye ndiye aliyemzaa! Mbele ya wageni wa posa, marahaba. Mbele ya katekista, marahaba. Siku hizo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, wengi wakiulizwa walikuwa bado wanasema wako Arusha, na Mzee Tluway akatoa uamuzi wake: baada ya mavuno mtoto apelekwe Yaeda Chini kwa shangazi yake, huko bondeni ambako wageni ni wachache. Emanuel hakuwahi kumpinga baba yake. Letisia aliogopa, akaanza kuulizia kwa watu.

Kanisani akasikia kwamba Mbulu mjini kuna kikundi cha wazazi wenye watoto wa namna hiyo, wanakutana kwenye ukumbi wa parokia. Akamchukua Justina, wakaenda nusu ya njia kwa miguu, nusu juu ya magunia ya maharage kwenye lori. Alitegemea kukuta watu wanalia. Akakuta wanacheka, mama mmoja akisimulia jinsi mwanawe alivyovua nguo zote katikati ya misa.

Msimamizi wao aliitwa Safina, binti wa wafanyabiashara wa pale mjini, aliyesomea kazi hiyo. Ndiye aliyemtajia neno usonji. Alisema ni hali ambayo mtoto anazaliwa nayo, si laana, wala si kosa la mama.

"Mama mkwe anasema ni maswali yangu yamemchanganya tumboni," Letisia akasema.

"Hapana, mama Justina. Uliza tu."

"Basi dada, kwa nini anamwambia babu yake marahaba?"

"Sijui," Safina akajibu, na Letisia akampenda papo hapo, maana hakuwahi kukutana na msomi anayelijua neno hilo. "Wengine wanarudia tu walichosikia. Lakini wewe ndiye unayekaa naye. Angalia analisema akiwa na nani, na wakati huo anataka nini."

Kumpa Letisia kazi ya kuchungulia ni sawa na kumwachia mbuzi mlango wa shamba. Akamfuata mtoto huku na huku, ugali ukaungua, mama mkwe akanuna. Aligundua kwamba Justina hawaambii marahaba wazee wengine, hata mmoja. Mwenye duka, Shabani, aliambiwa "Karibu". Emanuel, ambaye kila akiombwa kuziba paa husema kesho, aliambiwa "Kesho". Halafu siku moja babu akiwa malishoni, Justina alichukua blanketi la mzee, akalinusa, akasema taratibu, "Marahaba."

Letisia alikimbia hadi malishoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hilo hilo, baba! Kila anayekufikia unamwambia hivyo. Mtoto anadhani ndilo jina lako. Hakuitikii. Anakuita."

"Jina langu ni Tluway."

"Wewe mwenyewe hajawahi kukusikia ukilitaja."

Ilichukua maneno mengi, lakini jioni ile mzee mzima alikubali kujificha nyuma ya ghala, akinung'unika. Justina alikuta kigoda cha babu kitupu. Akazunguka nyumba. "Marahaba?" Akachungulia zizini. "Marahaba?" Sauti ilikuwa imeanza kutetemeka alipomwona. Akashika ncha ya fimbo yake, akakaa miguuni pake, akaanza kupanga punje za mahindi.

Mzee akaziangalia punje zile.

"Ananitafuta hivi tangu lini?"

"Kila siku, baba."

"Haendi Yaeda," akasema, akapenga kamasi. Sasa udadisi ulikuwa umemwambukiza na yeye. "Na wewe je, anakuitaje?"

Letisia alitaka kusema kwamba yeye haitwi. Lakini giza lilikuwa linaingia, na Justina akainuka, akamvuta kanga kuelekea nyumbani.

"Nyamaza," mtoto akasema. "Nyamaza."

Kumbe. Mtoto alilisema neno hilo kutwa nzima, na Letisia, aliyemwambia hivyo kila alipopiga mayowe, alidhani anamwiga tu. Letisia alikaa chini palepale na kulia kwa uchungu, na mkwe wake, asijue aangalie wapi, akaangalia ng'ombe.

Tangu hapo alilifungia neno hilo kinywani. Badala yake, kila alipomkaribia mwanawe alisema, "Niko hapa." Akiteka maji, niko hapa. Akipika, niko hapa. Majirani walimcheka, wakasema sasa ni mama mwenyewe aliyepata ugonjwa. Kila alipokwenda mjini alimwambia Safina kwamba bado, na Safina akamwambia aendelee.

Mahindi yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Asubuhi moja, akiwa ameinama kwenye maharage yaliyositawi katikati ya mahindi marefu, alisikia majani yakichakarika na sauti nene ikija upande wake.

"Niko hapa?" sauti iliuliza. "Niko hapa?"

Letisia akasimama ili aonekane, akaitika.