Foleni ya Macho Kaliua

Niliondoka Dodoma kwa sababu mama yangu, anayeishi Usinge, alikuwa amezibwa macho yote mawili na mtoto wa jicho, na madaktari wa macho walikuwa wanapiga kambi Kaliua. Mimi hufundisha hisabati chuoni. Utafiti wangu ni foleni ambazo idadi ya wahudumu hubadilikabadilika. Nani angemsindikiza vizuri zaidi?

Usinge nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe au na hesabu zako?"

Kwenye basi la Kaliua nilimweleza. Wahudumu watatu wakiwepo, foleni hupungua. Wakibaki wawili, hukwama. Akibaki mmoja, hurefuka haraka, na hata wenzake wakirudi, mrundikano ule hauishi upesi. "Kwa hiyo wastani hausaidii, mama. Hakuna mtu anayehudumiwa na wastani." Alikuwa amelala.

Kaliua, asubuhi, madaktari walikuwa watatu na foleni ikasogea. Mmoja akaenda chai, ikakwama. Nilifurahi kama mjinga: milinganyo yangu inatiiwa! "Tutaingia kabla ya jioni," nilimnong'oneza mama.

Adhuhuri akafika mgeni rasmi kuzindua kambi iliyokwisha kuanza. Madaktari wote wakaitwa meza kuu. Akatuhutubia, kwa kirefu, kuhusu huduma za haraka. Wagonjwa wakapiga makofi, wengine wakiwa wamempa mgongo, maana hawamwoni. Muuguzi akapita akisema jua likizama madaktari wanaondoka. Watakaobaki wasubiri kambi nyingine, Mungu akipenda.

Mimi nikaanza kupiga hesabu upya. Mama akasimama.

"Mheshimiwa," alisema, akiielekea sauti, "tumeshukuru. Sasa turudishie madaktari wetu."

"Bibi, namalizia."

"Umeanza kumalizia zamani, baba."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni naye akacheka, kwa shida, akaweka kipaza sauti mezani. Madaktari wakarudi kazini. Mama aliingia kupasuliwa jua likiwa linazama. Waliokuwa nyuma yetu waliambiwa warudi makwao.

Tulilala Kaliua kabla ya kurudi Usinge. Nilichojifunza ni kwamba hesabu zangu zote zilianzia kwa mhudumu mmoja. Sifuri sikuwahi kuiweka. Niliiona ni dhana isiyo na maana.

Asubuhi muuguzi akamfungua bandeji. Mama akanitazama kwa muda.

"Kumbe una mvi," alisema. "Na bado jana ulikaa kimya."